Mama Anataka Niseme Bastola Ni Yangu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie maana nyumbani sina wa kumwambia. Mdogo wangu Wendell hatoki bila bastola kiunoni, chini ya koti, na huku kwetu Missouri, Marekani, hakuna anayemuuliza kibali kwa sababu sheria haikitaki, basi Jumapili tulipokuwa tunavuka mto kwenda jimbo jirani la Illinois kumwona shangazi aliyelazwa nikamwambia, "Wendell, ng'ambo si kwetu, iache nyumbani," akanicheka, "Dada, wewe unaogopa hata kivuli chako, kwani daraja ndilo litaninyang'anya haki yangu?" Kufika mlangoni hospitalini, mashine ya ukaguzi ikalia, polisi akamkuta nayo, imejaa risasi, Wendell anapiga kelele kwamba kwao ni halali, polisi akamjibu, "Basi ungebaki kwenu," akamtia pingu mimi nimesimama na maua ya shangazi mkononi.

Sasa mama kaniita jikoni akanimiminia kahawa, jambo ambalo hajanifanyia tangu nirudi kwake baada ya talaka, nikajua kuna neno. "Twyla mwanangu, sema ni yako. Sema ulimpa akushikie. Mwenzio ana watoto. Wewe ukifungwa nani atakulilia?" Mshauri, ni mama yangu, na Wendell nampenda, na wakili wake anataka kuniona kesho. Nimwambie nini?

Twyla, Missouri

*

Pole, Twyla. Sitakupambia maneno: mama yako amekupima na mdogo wako, akakuona mwepesi. Litauma hilo, na litauma sana.

Lakini na wewe, unauliza nini? Bastola ilikuwa kiunoni mwa nani? Illinois hawaulizi ni mali ya nani, wanauliza nani kaibeba bila leseni. Ukijitwisha, Wendell hatoki. Utajiongezea tu kosa la kudanganya, na mama atakuwa na wawili wa kuwatembelea gerezani. Na mdogo wako hakuonewa. Kila jimbo lina sheria yake, mwenye kubeba silaha ndiye wa kuijua, naye alionywa akacheka.

Halafu huyo wakili ni wa Wendell, si wako! Usimwambie neno kabla hujapata wa kwako. Ukimpata, mweleze ulichokiona na ulichoambiwa jikoni, usipunguze, usiongeze. Wanawe Wendell wapikie, wapeleke shule. Hiyo ndiyo kazi ya shangazi.

Kisha hama kwa mama yako, hata kama ni chumba kimoja cha kupanga. Usimngoje akuombe radhi. Hatakuomba.