Godoro la Sufi

Jumanne, Ruangwa

Kumbe sio mafua, na mimi ndiye niliyekuwa nasema mafua miaka yote.

Leo nilimpeleka binti yangu Zuhura hospitali, Nachingwea. Daktari alimwekea vitone mkononi, kila kimoja akakichoma na kisindano, tukasubiri. Vikavimba viwili. Kimoja alisema huwa kinavimba kwa kila mtu, ni cha kulinganishia. Cha pili ndiyo jibu.

"Mzee, ana aleji ya wadudu wa vumbi. Ni wadogo mno, wanakaa kwenye magodoro ya zamani. Analalia nini?"

Nikamwambia godoro la sufi, la marehemu mama yangu.

Mama Zuhura alipiga chafya juu ya godoro hilo miaka sita. Aliniomba tulitupe, nikasema anamdharau mama. Akahamia jikoni kwenye mkeka, kule pua ilikuwa inatulia. Nikasema ana mwanaume. Nikampa talaka mbele ya kaka zake, na godoro nikampa mtoto.

Jioni nilimpigia simu mama yake, yuko kwao Nambilanje. Nilitaka kumwomba msamaha, nikaishia kumweleza majibu ya daktari.

Akasema, "Haya, Baba Zuhura. Hivyo hivyo ulivyonieleza mimi, njoo uwaeleze kaka zangu. Mpaka leo wanajua nilikuwa na mwanaume."

Nimemwambia nitakwenda Ijumaa, baada ya swala. Nawaogopa wale watu. Naogopa zaidi nisije nikatafuta sababu ya kutokwenda.