Kopo la Pilipili Manga

Shoga, uko? Acha unachofanya usome hii.

Unajua nilivyohangaika na chakula cha baba tangu mama atutoke. Tangawizi, iliki, kotimiri, kila siku kitu kipya ili apate hamu ya kula. Na kila siku ananisifia. "Leo bizari imekolea, mwanangu." Na mimi kichwa kinavimba.

Leo nimepika maharage. Mzee kala sahani nzima, kisha akasema, "Pilipili manga ya leo imekubali."

Nikapakua yangu. Kijiko kimoja tu, ulimi ukafa ganzi. Karafuu. Jana nilitwanga karafuu nikaijaza kwenye kopo la pilipili manga, nikasahau. Nimemwaga karafuu kibao kwenye sufuria, na mzee kamaliza sahani. Kamaliza, shoga.

Nikamuuliza, "Baba, kwani husikii?"

Akatazama mezani, pale ninapoacha makopo. "Huwa nasoma kopo," akasema. "Sisikii ladha ya kitu tangu tumzike mama yako. Hata chumvi."

Huwa anasoma kopo. Miezi yote hii.

Nikamwambia si angesema tu, nisijisumbue kutwanga.

"Ndiyo maana sikusema. Ukitwanga asubuhi, mimi bado nimelala, nadhani ni yeye."

Nimejifungia jikoni, machozi hayakatiki. Sasa hivi kaita kutoka sebuleni, anauliza mbona huku kimya.

Ngoja nitwange. Kinu hakina kitu, lakini ngoja nitwange.