Aliyeniita Kijiko

Nyumbani,
Jumanne, baada ya kazi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mguu umepata nafuu na baridi ya huko haikusumbui sana. Sisi ni wazima, ila tangu jana nina jambo la kukuuliza. Ningekupigia simu, lakini ukuta wa chumba changu ni mwembamba na Mama yuko upande wa pili.

Jana nilikuwa dirishani pale ofisi ya maji, nimeinama naandika malalamiko ya mabomba, nikasikia mtu akisema, "Kijiko."

Nikaitika, "Naam," kabla ya kufikiri. Shangazi, ni marehemu Baba peke yake aliyekuwa akiniita hivyo.

Alikuwa mzee mwembamba, shavu limekunjamana kwa kovu la moto. "Kumbe ndiwe," akasema. "Umekuwa bwana mkubwa, una dirisha lako. Mwambie mama yako nitapita mwezi ukiisha." Akaondoka. Mama mmoja kwenye foleni akagonga kioo. "Karani, umeona jini? Bomba langu linamwaga."

Nilimweleza Mama jikoni. Hakuuliza ni nani. Aliuliza, "Amezeeka?" Kisha akazima jiko, na neno aliloongeza ni moja tu, nikuulize wewe.

Karakana ya Baba na Baba Mdogo ilipoungua nilikuwa mdogo. Najua nilichoambiwa: Baba aliteketea humo, na Baba Mdogo akatoroka kwa kuogopa lawama. Wewe ndiye uliyeitambua maiti, na wewe ndiye uliyekataza jeneza lisifunguliwe. Kila mwaka tunafagia kaburi lile, na jina la Baba liko pale juu.

Leo nimenunua komeo jipya. Nilipoingia nalo nimemkuta Mama anapiga pasi shati la kiume ambalo sijawahi kuliona. Mikono yake imetulia kuliko yangu.

Sikulaumu, Shangazi. Naogopa tu. Kama Baba yu hai, basi tuliyemzika ni ndugu yake, nanyi mlijua. Niambie jambo moja: Baba alipotoka kwenye ule moto, alimwacha mdogo wake akiwa mfu, au akiwa hai? Nikishajua hilo ndipo nitajua kama nimfungulie mlango.

Msalimie mumeo na mapacha, lakini usiwasomee barua hii. Mungu akuhifadhi, nasi asitusahau.

Wako akupendaye hata sasa,
Mtoto wa kaka yako.