Maji Aliyoogea Mgeni

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Mimi nasema, mama yako anaandika. Mikorosho imechanua, goti langu bado bovu.

Umeuliza kama uache kazi kwenye hiyo meli ya watalii matajiri, kwa sababu hukuyamwaga maji aliyoogea mgeni, ukayadekia sakafu, na wenzako wakakucheka. Usiache, mke mwenzangu.

Nilipokuwa msichana hapa Makote, maji tuliyafuata bondeni, tukapanda nayo mlima kichwani. Siku moja alikuja mgeni kutoka ukingoni mwa Ruvuma, akanawa miguu kwa mtungi wangu mzima. Nikanuna. Mama akaninong'oneza, "Mwache. Kwao mto uko mlangoni."

Baadaye tulikwenda kwao. Nilinawa uso kwa kikombe kimoja, wakacheka mpaka wakakaa chini. "Binti, chota! Mto hauishi leo." Na mimi nikacheka, lakini mkono ulikataa kuchota tena.

Mkono wako ndio huo huo. Huko mwaga, kwa kuwa ndivyo wanavyotaka. Ukija likizo utaoga nusu ndoo, na atakayekucheka hapa atashuka bondeni na mtungi wangu.

Bibi yako anayekupenda,
Makote