Nani Kala Kiporo Changu?

Letisia mwanangu,

Ukitoka shule hutatukuta. Mama yako yuko jumuiya, mimi nimepeleka viazi Makambako. Funga mlango wa jikoni, mbuzi asiingie.

Asubuhi nilitafuta kiporo changu cha maharage cha kunywea chai, nikakuta sufuria tupu. Niligomba sana! Huku nagomba, nakula ile keki yako ya chokoleti, kipande baada ya kipande. Mama yako akacheka mpaka akakaa chini: “Baba Letisia, hayo maharage si ndiyo unayatafuna?”

Kumbe uliyaponda ukaokea keki! Mwanangu, laini vile! Sikuhisi hata ganda moja. Nimefunga vipande viwili, nikamringishie Mansoor mwenye lori.

Jioni chemsha maharage mengine, ~~ya ugali~~ ya keki.

Baba yako, mgomvi wa asubuhi