Datsun Iliyofungwa Nailoni

Shangazi Lydiah, pokea salamu kutoka mtaa wetu wa Lucky Summer. Nakuandikia nikicheka, lakini nisaidie kweli, la sivyo binti yangu atafika kwenye harusi yake kwa pikapu ya kuku.

Mume wangu Munyao ni mchonga vinyago, na mwaka huu Mungu ametukumbuka tukapata gari, Datsun nyeupe iliyotumika, na tangu siku hiyo mzee amerudia ujana, anaamka akiimba, analipaka nta ile ile ya vinyago na kulisugua mpaka jirani yetu Andati anakuja kunyoa ndevu akijitazama kwenye mlango wa gari, na hapo sikuwa na neno, lakini baadaye Munyao akaona nta haitoshi, akabandika nailoni kwa gundi boneti nzima na milango yote, juu akatupia turubai, vile vile anavyofunga vinyago vya kwenda ng'ambo, na sasa Jumapili tunaenda kanisani kwa miguu tukiliacha nyumbani limevaa kutushinda.

Sasa Mutheu wetu anaolewa mwezi ujao na ombi lake ni moja tu, baba yake ampeleke kanisani kwa gari hilo, lakini Munyao anasema, "Mama Mutheu, hii barabara ni mawe tupu, halafu hao wamama wenu wakipiga vigelegele lazima wapige na boneti! Si aende na pikapu ya Andati ya kubebea kuku?" Mtoto ameanza kufagia manyoya ya kuku kwenye pikapu hiyo, na kumwona hivyo kunaniuma sana. Je, nibandue hiyo nailoni yeye akiwa kazini?

Mama Mutheu

Mama Mutheu, nimecheka mpaka chai ikanipalia. Lakini usithubutu kubandua chochote kwa siri! Ukiikwaruza rangi hiyo utaniandikia barua nyingine, na hiyo sitaijibu. Na wewe ulikuwa wapi gundi ikipakwa? Ulikuwa unacheka.

Mzee aelezwe kwamba maji huingia chini ya nailoni hiyo yakakaa, na bati likikaa na maji ni kutu. Aibandue mwenyewe, polepole, jua likiwa limeilainisha. Gundi itakayobaki aifute kwa mafuta ya taa kidogo, kisha aoshe kwa maji mengi. Anunue nta ya magari, aachane na ya mbao, apake nyembamba kivulini na kufuta kwa kitambaa safi cha flaneli. Riboni zifungwe kwenye vioo vya pembeni, selotepu isiguse rangi. Na wamama wa kupiga boneti wavue pete kwanza, ndipo wapige.

Halafu muulize: vinyago huvifunga ili vikae, ama vimfikie salama anayevingoja? Gari hili anayelingoja ni Mutheu. Mwambie Shangazi amesema kazi nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza haiko chini ya turubai. Siku hiyo itakuwa imeketi kiti cha nyuma, imevaa shela, inamtazama kisogo. Aendeshe polepole.