Malkia wa Bati na Upande wa Jua

Jumatatu, 3 Machi

Amepewa yeye. Malkia amepewa mdogo wangu!

Mkurugenzi katangaza mbele ya karakana nzima, chai bado iko mdomoni. Kabati jipya la vioo la ukumbi wa tano: malkia juu ya farasi mweupe, anavusha jeshi lake mtoni. Malkia, akaniambia, apakwe na mdogo wako. Askari wa miguu, kumi na wanane, uwapake wewe, maana wewe una subira. Subira! Miaka kumi na tisa napaka sanamu za makumbusho haya, leo nasifiwa subira kama punda.

Na nani alimleta hapa? Mimi. Nani alimwonyesha kwamba sanamu bapa ya bati, nyembamba kama ukucha, haina tumbo wala mgongo mpaka uipe wewe kwa rangi — mwanga huku, kivuli kule? Mimi! Alikuwa hajui hata kushika brashi.

Nilimpa hongera. Nilimkumbatia kabisa. Mashavu yananiuma kwa tabasamu la uongo.

Jumatano, 5 Machi

Kumbe na chumba kapewa. Kile kidogo chenye dirisha. Eti malkia anahitaji mwanga wa mchana. Askari wangu watazoea taa ya darini kama nilivyozoea mimi.

Nimepita kwake nikijidai natafuta kibanio. Kashapaka nyeupe ya msingi, nyepesi, mistari yote ya mchongo inaonekana. Na pini yake kaichomeka kushoto. Hiyo pini ni mtindo wangu: sanamu unaigandisha juu ya kizibo cha chupa, halafu kabla brashi haijagusa kitu unachomeka pini upande linakotoka jua, usije ukampa mtu kivuli puani na mwanga kwapani. Ukumbini dirisha liko kushoto kwa mtazamaji. Basi sote tumechomeka kushoto.

Kaniuliza: Dada, farasi mweupe unaanza na rangi gani? Nikamwambia usianze na nyeupe hata kidogo. Anza na kijivu cha samawati, tia hudhurungi kidogo tumboni, nyeupe iwe ya mwisho, nukta tu. Kwa nini nimemwambia? Mdomo wangu huu!

Jumamosi, 8 Machi

Mama kapiga simu. Kitindamimba wake kamsimulia yote, malkia, chumba, dirisha. Kamwambia kila anachokijua kakipata kwa dada yake. Mama anasema nimshukuru Mungu kwa mdogo mwenye adabu. Nikasema ndiyo, Mama. Nilipokata simu nikaanza kuosha brashi zilizokuwa safi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeliona joho.

Jekundu, na lina mkunjo begani ambao nusura nitie kidole ndani. Kitu bapa kile! Kivuli hakukichanganya na hudhurungi kama nilivyomfundisha. Katia zambarau. Zambarau ndani ya nyekundu, nani kamwambia? Halafu uso. Jicho ni mstari mmoja mweusi. Pua ni upande mmoja tu, wa pili kauacha kivulini. Na bado yule mwanamke anauogopa mto na hataki jeshi lake lijue. Kwenye uso usiozidi dengu!

Wivu. Haya, nimeliandika.

Mchana nimejaribu zambarau kwa askari wa saba. Akawa kama kapigwa ngumi. Nimemfuta kwa tapentaini kabla mtu hajaingia.

Jumanne, 11 Machi

Fundi seremala kanikuta koridoni. Ukuta wa ukumbi wa tano unavuja, kwa hiyo kabati linahamia ukuta wa mkabala. Dirisha sasa litakuwa kulia. Akaniomba nimwambie na mdogo wangu, yeye anakimbilia mbao zake.

Nitamwambia, nikasema.

Sijamwambia.

Jumatano, 12 Machi

Nimehamisha pini zangu zote kulia. Saba waliokwisha inabidi niwapake upya, na mgongo wangu ndio huu. Kesho nitamwambia. Uso na joho bado ni vibichi, vinafutika, na farasi hajamgusa. Akijua kesho hajapoteza kitu kikubwa.

Kaja saa nne na kikombe changu cha chai. Mbio mbio nikafunika trei kwa kitambaa. Vumbi, nikamwambia. Akacheka — Dada na vumbi lako! Akanisugua bega, akaenda zake.

Sikukiondoa kile kitambaa mpaka niliposikia mlango wake unafungwa.

Ijumaa, 14 Machi

Sijamwambia.

Farasi kakamilika. Watu wanapanga foleni kumtazama. Mlinzi kaacha geti! Mkurugenzi kasema tangu aingie nyumba hii hajaona kazi kama ile. Hajaona! Na mimi nimesimama pale pale, nimeshika trei ya askari kama mhudumu wa harusi. Hakuna aliyegeuka.

Basi na aumbuke. Mara moja tu. Ana miguu, si angeenda mwenyewe ukumbini kutazama kabati limewekwa wapi? Mimi ndiye macho yake?

Jumanne, 18 Machi

Kaniuliza kama naumwa. Nimesema ni macho tu. Kaniletea dawa ya matone.

Alhamisi, 20 Machi

Naandika haraka. Niko stoo, nimekaa juu ya debe la rangi, mlango nimeufunga kwa ndani.

Leo tumepanga kabati. Wageni ni Jumamosi. Askari wangu waliingia kwanza, safu tatu, wote wanaelekea kushoto, jua limewapiga migongoni kutoka kulia, sawasawa na dirisha. Nilijisikia vizuri. Kisha akaja yeye na malkia juu ya sahani, anatembea taratibu kama kabeba yai, akamsimamisha mbele yao.

Mwanga wa dirisha ukampiga mgongoni, palepale alipoweka zambarau yake yote. Na uso uling'aa upande usio na jua. Nilidhani nitafurahi. Sekunde moja nilifurahi, sitajidanganya humu.

Mkurugenzi akainama, akatazama. Halafu akasema malkia yuko hai kabisa, lakini hawa askari wana nini? Mbona wana jua lao peke yao? Wapakwe upya.

Askari wangu! Waliopakwa ipasavyo! Nikaropoka: askari wako sawa, dirisha liko kulia, aliyekosea ni malkia.

Mdogo wangu akatazama dirisha. Akatazama kabati. Akatazama askari wangu, safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikamwona anaelewa, kidogo kidogo, mpaka akafika kwangu. Na fundi seremala, asiyejua kuficha neno, akaanza: lakini si nilikuambia wewe umwa—

"Aliniambia," akasema mdogo wangu. "Dada aliniambia. Nikasahau mimi."

Hata hakupepesa macho. Kasema huku ananitazama.

Mkurugenzi akashusha pumzi. Akasema kuna watu wana vipaji lakini kichwani hamna kitu. Maneno hayo, mbele ya watu, kwa mdogo wangu! Basi afutwe, rangi haijakauka mpaka ndani, na wa kumpaka upya awe dada mtu, anayekumbuka anachoambiwa. Siku moja na nusu inamtosha.

Nimepewa malkia.

Neno nilikuwa nalo: sikumwambia. Lilikuwa fupi tu. Nikafungua mdomo, nikasema, "Sawa." Sawa! Nikachukua daftari hili nikaja huku, eti nakuja kutafuta brashi namba sifuri.

Kagonga. Anasema: Dada, farasi nimeshamfuta, na joho pia. Sauti ya kawaida kabisa, haina hasira wala nini. Afadhali angenitukana. Anasema: uso umenishinda. Njoo uufute wewe.

Nimesema nakuja. Hajaondoka. Nauona uvungu wa mlango, viatu vyake viwili vimesimama pale, na harufu ya tapentaini inaingia humu. Hajauliza kwa nini sikumwambia. Angeuliza tu, ningejua pa kuanzia. Kagonga tena —